Mama Jozi na Damu Yake Mwenyewe

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Jozi, jina alilobandikwa enzi za mkasi na gundi, likamganda hata kompyuta zilipoingia. Kazi yake ilikuwa kupanga kromosomu. Damu ya mtu huletwa kwenye kichupa, chembe zake nyeupe zikaoteshwa siku tatu ndani ya kabati la joto, kisha zikatiwa dawa ya kuzisimamisha zikiwa katikati ya kugawanyika, maana ni wakati huo tu kromosomu hujikunja zikanenepa na kuonekana. Zikipakwa rangi zinatoka na milia, myeusi na myeupe, na kila moja ina milia yake. Picha hupigwa kupitia darubini, na hapo ndipo Mama Jozi anaposogeza kiti, anashusha miwani hadi ncha ya pua, na kuanza kutafuta nani ni mwenzake nani.

Na usidhani ni kazi ya mzaha. Kompyuta hupanga, ndiyo, lakini hukosea, na ikikosea yeye huichapa picha kwenye karatasi, akachukua mkasi wake na kukata moja moja. "Jicho langu liko kwenye vidole," alikuwa akisema. Vijana wa maabara waliwahi kumcheka kwa hilo. Aliwajibu kwamba wao hata soksi zao hawawezi kuzipanga.

Ukimuuliza kazi hiyo ina faida gani, hotuba yake ilikuwa tayari, na ole wako umkatize. "Seli za mwili wako zina kromosomu arobaini na sita, jozi ishirini na tatu. Katika kila jozi, moja umepewa na baba, moja na mama. Sasa, kama mbegu ya baba ingekuja na arobaini na sita zote, na yai la mama arobaini na sita zote, mtoto angezaliwa na ngapi? Tisini na mbili! Na mjukuu je? Acha tu, utaumwa kichwa. Ndiyo maana seli inayotaka kuwa mbegu au yai hugawanyika kwa namna yake, na wataalamu wameiita meiosisi. Kromosomu zinajinakili mara moja. Halafu kila moja inamtafuta mwenzake, zinasimama bega kwa bega, zinabadilishana vipande, kisha zinaachana, hii huku na ile kule. Seli inagawanyika tena mara ya pili. Mwisho wa yote kila mbegu, kila yai, lina ishirini na tatu, moja tu kutoka kila jozi. Nusu! Nusu ikikutana na nusu, idadi inarudi palepale." Hotuba hiyo aliitoa hata kwenye foleni ya benki, kwa watu ambao hawakuwa wamemuuliza lolote.

Nyumbani alikuwa na vyumba vinne na mwana mmoja. Mume alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Mwanawe, fundi umeme, aliishi vyumba vya uani, vilivyopakana na chumba cha mama yake, pamoja na mkewe, fundi cherehani, msichana mpole asiyejua kujibizana. Walikuwa wameoana miaka mitano. Katika miaka hiyo mkamwana alishika mimba nne, na zote zikaharibika kabla ya mwezi wa nne.

Hapa niseme ukweli, hata kama nampenda Mama Jozi. Ulimi wake ulikuwa mkali, na kwa yule binti aliuachia. Hakutukana, la. Alikuwa akisema mambo madogo madogo, mezani, akiwa anamenya kitunguu: "Mwanangu mimi ni mzima kama chuma, hajalala hospitali hata siku moja." Au: "Wengine miili yao haikai na kitu." Binti aliinamisha kichwa na kuendelea kuosha vyombo. Mume naye alijitia hamnazo, akatoka nje kwenda kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Basi wifi yake Mama Jozi, dada wa marehemu, mwenye duka la vifaa vya shule, akaitisha kikao cha familia. Kikao chenyewe kilisemwa kuwa cha kuzungumza tu, lakini kila mtu alijua kinachokwenda kuzungumzwa: kijana aambiwe aachane na mke huyu, atafute mwingine wakati bado ana nguvu. Mama Jozi alikubali. Tena siyo kukubali tu, yeye ndiye aliyepanga siku, Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni.

Ila kabla ya kikao, daktari aliyemhudumia binti aliagiza mke na mume wote wapimwe kromosomu. Damu ilitolewa Jumanne, ikapelekwa palepale anapofanya kazi Mama Jozi, kwa kuwa maabara ya namna hiyo haiko kila mtaa.

Sampuli hufika na namba, bila jina. Lakini karatasi inayoambatana nayo huandikwa umri, jinsia na sababu, na sababu iliyoandikwa pale ilikuwa mimba nne kuharibika. Mtoto mdogo angejua ni za nani. Sheria ya kazi ilikuwa wazi: damu ya ndugu yako huigusi, unampa mwenzako wa meza ya pili na kunyamaza. Mama Jozi alikuwa amewafundisha wengi sheria hiyo. Siku hiyo akavichukua vichupa vyote viwili, akavitia kwenye kabati la joto kwa mkono wake. Alitaka awe wa kwanza kuliona kosa la mkamwana wake kwa macho yake mwenyewe, aende nalo kwenye kikao kichwani, hata kama hatalitamka.

Jumatatu iliyofuata akakaa kusoma. Alianza na ya mkamwana, na aliisoma kama anayemtafuta mwizi. Akahesabu arobaini na sita. Akapanga jozi zote, milia kwa milia. Akaenda seli ya pili, ya tatu, hadi ya ishirini. Hakuna kitu. Akarudia seli tano za mwanzo akidhani macho yamechoka. Hakuna kitu! Kromosomu za yule binti zilikuwa safi kuliko nyingi alizowahi kuziona mwaka ule. Mama Jozi akasonya, akafungua faili la pili.

La mwanawe. Arobaini na sita, vizuri. Akapanga ya kwanza na mwenzake, ya pili na mwenzake, akashuka taratibu. Alipofika ya nane, vidole vikasimama. Moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake. Akairuka, akaendelea, akafika ya kumi na nne, na hapo moja ilikuwa ndefu kupita kiasi, ina mkia wenye milia ambayo haikuwa yake. Ilikuwa milia ya kromosomu ya nane. Na pale ya nane ilipokatika palikuwa na kijipande kidogo kutoka ya kumi na nne. Vipande viwili vilikuwa vimebadilishana nyumba.

Akafungua seli ya pili. Hivyohivyo. Ya tatu, ya kumi, ya ishirini, hivyohivyo.

Alijua maana yake kabla hajataka kuijua. Mtu mwenye hali hiyo hana kinachopungua mwilini. Vipande vyote vipo, vimekaa tu pasipo pake, na mwenyewe anaweza kuishi miaka mia bila kuumwa hata jino. Tabu huja wakati wa kugawa nusu. Kromosomu zile nne haziwezi kukutana mbili mbili kama nyingine, zinakutana zote nne kwa pamoja, zimeng'ang'aniana kila moja kwa kipande inachokijua, na zinapovutwa kuachana, mbegu nyingi hutoka na kipande kilichozidi huku na kilichopungua kule. Mimba ya mbegu kama hiyo hutunga, ikakua kidogo, ikaharibika. Mkamwana wake alikuwa amezibeba nne.

"Maskini mtoto wa watu," akasema kwa sauti. Mwenzake wa meza ya pili akageuka kumtazama. Mama Jozi akajifanya anakohoa.

Halafu likaja swali la pili. Hali ile kijana aliipata wapi? Mara chache huzuka yenyewe. Mara nyingi mtu hurithi kwa baba au kwa mama. Na Mama Jozi, kabla ya kumzaa mwana huyo mmoja, alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu.

Hakuna aliyejua. Ndugu wa mume walipoanza kuulizia watoto, mumewe aliwaambia kwa mkato, "Tumeamua kusubiri," na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, waliacha. Kila mara mimba ilipoharibika, mume alikaa nyumbani siku tatu, akampikia uji, akamfulia mashuka, na hakumwambia mtu. Hata mwana alipokuja kuzaliwa, hawakuyazungumza tena.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Pale maabara, kila shehena mpya ya dawa ikifika hujaribiwa kwanza kwa damu ya mfanyakazi mmoja, kwa zamu. Kwa miaka ishirini na sita zamu ya Mama Jozi haikuwahi kufika. Alikuwa anaogopa sindano, alisema, na wenzake wakamcheka, mwanamke anayeshinda na damu za watu. Sindano haikuwa na neno. Alisoma kila siku karatasi zilizoandikwa mimba mbili, mimba tatu, na alijua wanawake hao hupimwa kwa nini. Hakutaka kujua ya kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, basi.

Angeweza kuyapeleka majibu ya vijana kwa mkuu wa maabara siku ileile, maana kila jibu lazima lisomwe na watu wawili ndipo litoke. Hakuyapeleka. Aliyatia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Aliona akienda kwenye kikao na habari kwamba tatizo liko kwa mwanawe, swali la kwanza la wifi litakuwa limetoka wapi. Akapata wazo, na wazo lenyewe lilimtia aibu hata akiwa peke yake: huenda limetoka kwa marehemu. Akijipima akajikuta msafi, basi ni la marehemu, na marehemu hawezi kuumizwa na neno la mtu.

Jumanne asubuhi akamwendea mwenzake wa meza ya pili, akakunja mkono wa gauni. "Nitoe damu. Nataka kujaribu dawa mpya."

"Wewe? Leo jua limetoka upande gani?"

"Toa, bwana, usinipotezee muda."

Akatolewa. Hakuhisi hata kuchomwa.

Siku tatu za kabati la joto zilimkalia vibaya. Kuna jambo alilolijua kutoka vitabuni na sasa halikumtoka kichwani: mayai ya mwanamke huianza kazi ya kujigawa nusu yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mamaye, halafu yanasimama njiani, yanangoja miaka na miaka. Yai lililomleta mwanawe lilikuwemo ndani yake kabla yeye hajazaliwa. Kama kosa lipo, lilikuwepo siku zote, siku alizocheza kamba, siku ya harusi, siku zile alizokuwa anamenya kitunguu na kusema maneno.

Alhamisi jioni alikuwa jikoni, mkamwana amesimama kwenye beseni la vyombo. Binti akafuta mikono, akageuka.

"Mama, samahani. Majibu yetu yametoka?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza jambo la kazini. Mama Jozi akawa anatazama sufuria.

"Bado, mwanangu."

"Ningependa nijue kabla ya Jumapili. Nisikae pale nikisemwa huku sijui kama ni kweli."

"Yakitoka daktari atawaita. Hizi kazi hazina haraka."

"Sawa, mama," akasema binti, akarudi kwenye vyombo vyake.

Ijumaa mchana akaisoma ya kwake. Alifunga mlango. Hakuchukua muda. Ya nane fupi, ya kumi na nne yenye mkia, milia ileile, mahali palepale. Alikata picha kwa mkasi, akaibandika kwenye karatasi kama zamani, kana kwamba gundi ingeleta jibu jingine. Halafu akalia, kilio cha kubana midomo, mpaka kwikwi ikamshika.

Saa tisa akagonga ofisini kwa mkuu wa maabara, mwanaume mwembamba ambaye Mama Jozi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi miaka kumi iliyopita. Akaweka karatasi tatu mezani.

"Hizi mbili ni za mwanangu na mkewe. Nimezisoma Jumatatu, nikazificha. Hii ya tatu ni yangu."

Mkuu alitazama moja, akatazama nyingine, akavua miwani.

"Mama, wewe? Wewe uliyetufundisha sheria?"

"Nimekosa. Niandikie barua ya onyo, nitaisaini."

"Nitaiandika, sina budi. Na zote hizi nazisoma upya mimi mwenyewe. Jumatatu zinakwenda kwa daktari wao, na daktari ndiye atakayewaambia. Juu ya damu ya mtu mwingine hufungui mdomo. Tumeelewana?"

"Na juu ya yangu?"

Mkuu akavaa tena miwani. "Yako ni yako, mama. Hiyo siwezi kukuzuia."

Jumapili ikafika. Sebuleni walikuwa wanne: wifi kwenye kochi kubwa na mfuko wake wa dukani miguuni, kijana kwenye kiti cha pembeni akitazama sakafu, mkamwana kwenye stuli karibu na mlango amejitanda kanga, na Mama Jozi. Wifi alikohoa, akaanza.

"Tumekaa hapa si kwa ubaya. Lakini miaka mitano si siku tano. Na mwanaume naye ana haki ya..."

"Wifi, subiri," akasema Mama Jozi. "Una daftari humo mfukoni?"

"Daftari? Nina za wateja. Za nini tena?"

"Nipe nne."

Akapewa. Akachukua kalamu, mbili akaziandika historia, mbili jiografia, akaziweka kwenye meza ndogo. Halafu akachukua historia moja akaichana nusu nzima ya kurasa.

"We! Wifi! Hizo ni za kuuza!"

"Nitazilipia, nyamaza." Akachana kijipande cha jiografia moja, akavibadilisha, kurasa za historia ndani ya jiografia, kijipande cha jiografia ndani ya historia. "Nina zote nne, sivyo? Kuna ukurasa uliopotea? Hakuna. Nasoma masomo yote, sina shida, nimefika umri huu sijaumwa. Lakini mtoto hapewi nne. Mtoto anapewa nusu, historia moja na jiografia moja, na hakuna anayechagua. Akipata hizi nzima, salama. Akipata hizi mbili zilizobadilishana, salama pia, anakuwa kama mimi. Lakini akipata historia hii iliyochanwa na jiografia hii nzima, kurasa hana. Mimba yake haifiki popote."

"Sasa wewe unatuambia nini?" wifi akauliza.

"Nawaambia damu yangu iko hivi. Nimejipima. Niliharibikiwa na mimba tatu kabla ya huyu."

Wifi akatoa macho. "Kaka yangu alisema mmeamua kusubiri."

"Alisema hivyo ili msinisumbue."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Siyo kaka yako, na siyo huyu binti."

Kijana alikuwa ameinua kichwa. "Na mimi je, mama?"

"Ya kwako ataisema daktari. Kesho. Sheria hainiruhusu." Lakini uso wake ulikuwa umeshasema, na kijana alikuwa ameshausoma. "Haimaanishi kwamba hamtapata mtoto," akaharakisha. "Mimi nilikupata wewe. Inawezekana kabisa, daktari atawaeleza."

Kijana akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya stuli ya mkewe, akamshika mikono. Alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. Mkamwana hakulia. Alikuwa anamtazama mama mkwe juu ya bega la mumewe.

"Mama, ulijua lini?"

"Yangu nimeijua juzi, Ijumaa."

"Na yetu?"

Mama Jozi akafungua mdomo, akakumbuka sheria, akaona haya kuitumia. "Jumatatu," akasema.

"Alhamisi nilikuuliza."

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nangoja..."

"Ulipoharibikiwa wewe, mara zote tatu, nani alikaa na wewe?"

"Marehemu. Alikaa nami."

Binti akatikisa kichwa taratibu. Sauti yake haikupanda, na labda hilo ndilo lililomfanya hata wifi, aliyekuwa ameanza kuzikusanya daftari zake, aache.

"Mimi mara zote nne mume wangu alikuwa kazini. Nilikuwa chumba cha uani, wewe chumba cha pili, ukuta mmoja. Nililia, mama, na ulinisikia. Najua ulinisikia, kwa sababu kila mara ulikuwa unaongeza sauti ya redio."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa akiiongeza.